Jino la Kijiko na Pini Yake

(Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, limepigwa chapa kama lilivyosomwa. Lisomeni tena darasani kwa sauti, kila mwanafunzi aya moja. Mwenye kukwama asaidiwe, asichekwe.)

Somo la leo linataka jembe. Kama jembe lako lipo karibu, lilete. Kama unakaa mjini na jembe huna, lifikirie tu. Nani katika Unguja asiyelijua jembe?

Shika mpini, utikise. Ikiwa chuma kinacheza, unajua la kufanya. Utagonga kabari, au utalitia majini usiku kucha ili mti uvimbe ukibane chuma. Hungojei mpaka chuma kiruke kikampate mtu wa mguu. Jambo hilo ulifundishwa na wazee wako, wala hukulisoma kitabuni.

Sururu nayo ni vivyo hivyo. Majumba ya Mji Mkongwe yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na mawe hayo yalitolewa ardhini kwa mtaimbo, sururu na mikono ya watu. Hata Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, halikuona mashine ya kuchimba. Na mpaka leo viko vichochoro vingi vya Mji Mkongwe ambavyo kijiko kikubwa hakipiti, na mtaro wa bomba humo huchimbwa kwa sururu. Kwa hivyo usiidharau sururu.

Lakini nje ya mji kazi imebadilika. Umeiona mashine kubwa yenye mkono mrefu, ile inayochimba mitaro ya barabarani na mashimo ya mawe. Wengine huiita katapila, wengine huiita kijiko. Katika somo hili tutasema kijiko. Mwisho wa mkono wake pana ndoo ya chuma, na katika mdomo wa ndoo pana meno, aghalabu 5, pengine 4 au 6. Mashine yenyewe yaweza kuwa na uzito wa tani 20, na bei yake ikapita bei ya nyumba nzuri. Lakini kinachokutana na jiwe mwanzo ni yale meno. Na kila jino limezuiwa na pini moja, ambayo mara nyingi haizidi urefu wa kiganja cha mkono wako.

Somo letu ni pini hiyo.

Mtu atauliza, "Kwa nini meno hayakufanywa kitu kimoja na ndoo, yakakaa humo moja kwa moja?" Ni swali la haki. Jibu lake ni kwamba ardhi hula chuma. Jembe la babu yako lilikuwa pana, na sasa limebaki nusu. Nusu nyingine imeliwa na shamba. Kama jino na ndoo vingekuwa kitu kimoja, jino likiisha ungetupa ndoo nzima. Kwa hivyo jino limetengwa, likiisha hutolewa likatiwa jingine.

Watu wamekuwa wakilifikiri jambo hili kwa muda mrefu. Mmarekani mmoja, jina lake William Otis, aliisajili mashine yake ya kuchimba kwa nguvu za mvuke mwaka 1839. Mwaka 1882 Mwingereza Robert Hadfield, wa mji wa Sheffield, aligundua chuma cha pua kilichochanganywa na manganizi, kiasi cha sehemu 12 au 13 katika kila sehemu 100. Chuma hicho kina tabia ya ajabu: kadiri kinavyopigwa, uso wake huzidi kuwa mgumu. Kikatumika sana kwa meno ya mashine za kuchimba. Siku hizi viwanda vingi hutumia michanganyiko mingine, lakini shabaha ni ile ile, jino liwe gumu lisiishe upesi, wala lisiwe gumu mno hata likavunjika kama sahani.

Sasa tutaje vipande. Andika maneno haya katika daftari lako, kila neno mstari wake: UFIZI. JINO. PETE. PINI.

Ufizi ni kipande cha chuma kilichochomelewa kwenye mdomo wa ndoo, kimetokeza mbele. Mafundi wengi hukiita adapta. Mimi nasema ufizi, kwa sababu ndipo jino linapokaa. Jino lenyewe lina tundu kubwa kwa nyuma. Linavikwa juu ya ufizi kama kofia inavyovikwa kichwani. Ubavuni mwa jino pana tundu dogo, na ubavuni mwa ufizi pana tundu dogo pia. Jino likikaa sawasawa, matundu hayo huonana, na pini hupita toka upande huu mpaka upande wa pili. Pete hukaa katika kitundu chake ubavuni mwa ufizi, imefichwa chini ya jino. Pini ina mfuo, yaani mstari uliochimbwa kuizunguka. Pini ikifika mahali pake, pete huingia katika mfuo ule ikauma.

Iko mitindo mingine. Katika mashine nyingine pini huingia kutoka juu kwenda chini, na badala ya pete pana kipande cha mpira chenye chuma ndani yake. Ukiijua kazi ya pete, hiyo nayo utaijua, kwa hivyo sitakaa hapo.

Nisikilize vizuri sasa, maana hapa ndipo watu wanapokosea, hata mafundi wa siku nyingi. Ukimwuliza mtu, "Ni nini kinachobeba nguvu wakati jino linapochimba?" atakwambia ni pini. Sivyo. Jino likisukumwa na jiwe, nguvu ile hutoka katika jino ikaingia katika ufizi, chuma juu ya chuma. Pini haina kazi kubwa wakati huo. Kazi yake ni kulizuia jino lisivuke nje ndoo inaporudi nyuma au inapotikiswa. Na pete haina kazi ila kuizuia pini isitoke. Jino hukalia ufizi, pini hulinda jino, pete hulinda pini.

Ukilifahamu hilo, utafahamu na hili. Ufizi ukiliwa ukawa mwembamba, jino litacheza juu yake kama kofia ya baba juu ya kichwa cha mtoto. Hapo nguvu yote itaiangukia pini, nayo haikufanywa kwa kazi hiyo. Itapinda, au itakatika. Wewe utatia pini mpya, nayo itakatika. Utatia ya tatu. Utasema pini za siku hizi ni mbovu. Lakini pini hazina kosa. Kilichokwisha ni ufizi, na dawa yake ni kuujaza kwa kuuchomelea au kuukata na kutia mwingine. Kazi hiyo ni ya mchomeleaji anayejua chuma, nayo ni ghali kuliko pini mia.

Nitakuelezeni kosa langu mwenyewe, nililofanya nilipokuwa kijana wa miaka 19.

Nilikuwa msaidizi wa fundi katika shimo moja la mawe upande wa mashariki wa kisiwa, kule kwenye uwanda, ambako udongo ni haba na mwamba wa matumbawe uko juu juu. Mwenye shimo simtaji. Palikuwa na kijiko kimoja, na mashine moja ya kusaga mawe kuwa kokoto, na vibarua wengi, wanaume kwa wanawake, waliolipwa kwa siku. Asubuhi moja fundi mkuu alikwenda mjini. Dereva akaniita, akaniambia jino la pembeni limekwisha, nitie jingine. Nilikuwa nimemwona fundi akifanya kazi hiyo mara nyingi. Nikasema, "Hilo dogo."

Jino nikalipata, pete nikaipata. Pini zilikuwa katika masanduku mawili yaliyofanana, kila moja lina karatasi yenye maandishi. Mimi skuli niliiacha mapema mno, na maandishi yale kwangu yalikuwa kama nyayo za kuku. Nikachagua kwa macho. Nikaitia pini, ikaingia kwa nyundo mbili tu, laini, kama ufunguo katika kufuli lililotiwa mafuta. Nilifurahi sana. Ningejua, ningelia. Pini inayoingia bila ubishi hutoka bila ubishi.

Saa nane mchana tulisikia mlio katika mashine ya kusaga, mlio ambao sijausahau. Jino lilikuwa limetoka katika ndoo, likaingia katika lundo la mawe, likapakiwa pamoja na mawe, likatiwa mashineni. Mashine ile hupasua jiwe kwa mataya mawili ya chuma. Jiwe la matumbawe huyeyuka mbele yake, lakini jino la kijiko halikubali. Taya moja likapasuka. Kipande kikaruka kikapita karibu na mwanamke mmoja aliyekuwa akizoa kokoto, kikajipiga kwenye bati la kibanda. Mungu alimnusuru.

Kazi ikasimama siku tatu. Mimi nilikuwa na mshahara wa mwezi. Vibarua hawakuwa nao. Siku tatu hawakupata kitu, na wengi wao walikuwa na watoto. Hakuna aliyenilaumu, kwa sababu hakuna aliyejua, ila mtu mmoja.

Fundi mkuu aliporudi nilimwamkia, "Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Pini uliyotia ilitoka sanduku gani?"

Nikamwonyesha.

"Sanduku hili limeandikwa nini?"

Nikanyamaza.

Hakunitukana. Alichukua chaki, akaandika juu ya ndoo tarakimu kubwa: 300. Chini yake akaandika: 350. Akaniambia, "Tofauti yake ni ipi?" Nikatazama muda mrefu. Nikasema, "Ile ya katikati." Akasema, "Basi hiyo ya katikati ndiyo iliyopasua taya." Jino na pete vilikuwa vya namba 350, na pini niliyotia ilikuwa ya 300, nyembamba kidogo, fupi kidogo. Pete haikupata pa kuuma.

Namba zile si fumbo. Katika mtindo mmoja wa kampuni ya Caterpillar ya Marekani, kwa mfano, meno yana herufi J ikifuatwa na namba: J250, J300, J350, na kuendelea. Namba ikizidi, jino ni kubwa zaidi. Jino la namba fulani lina pini yake na pete yake. Kampuni nyingine zina namba zao. Wewe hulazimiki kuzijua zote kwa moyo. Unalazimika kuzisoma, tarakimu moja moja, kutoka kushoto, na kulinganisha zilizochorwa kwenye jino na zilizoandikwa kwenye sanduku. Jino la zamani likiwa limeliwa hata namba haionekani, soma la jirani yake.

Sasa tufanye kazi yenyewe, kama kwamba mimi na wewe tumesimama mbele ya ndoo.

Mwambie dereva aishushe ndoo mpaka ikae juu ya magogo, mahali tambarare, meno yakitazama mbele, si hewani. Azime mashine, atoe ufunguo, akupe wewe. Kisha utundike kibao mlangoni mwa dereva: USIWASHE. MTU YUKO KAZINI. Kibao hicho ni maneno manne tu, lakini kina faida kwa wale wawezao kukisoma, na hiyo ni sababu moja ya sisi kukutana hapa. Vaa miwani ya kazi. Pini ni chuma kigumu, na nyundo ni chuma kigumu. Vikigongana, chembe huruka kwa kasi kuliko jicho linavyoweza kufumba. Nawajua wanaume wawili walioona kuwa miwani ni mambo ya wageni, na kila mmoja wao sasa anatazama dunia kwa jicho moja.

Tafuta upande ilipo pete. Weka tindo butu juu ya pini upande huo huo wa pete, uishike tindo kwa koleo, si kwa vidole, na ugonge. Pini itatokea upande wa pili. Ikikataa usishangae. Unga wa mawe yetu ukichanganyika na mvua hushikana kama plasta, na hewa ya bahari huongeza kutu. Kwangua kwanza, tia mafuta, ngoja kidogo, halafu gonga tena. Mwenzako asisimame mbele ya pini inakotokea.

Jino la zamani likitoka, usikimbilie jipya. Osha ufizi. Toa mchanga, toa udongo, toa kila kilichoganda, mpaka uone chuma kitupu. Wengi huona kazi hii ni ya kupoteza wakati, nami nasema ndiyo nusu ya kazi yote. Ukiacha tope kati ya jino na ufizi, jino litakaa juu ya tope. Saa moja baadaye tope litakuwa limetoka, na jino limelegea. Utazame pia kama ufizi umepasuka au umeliwa sana.

Tia pete mpya mahali pake. Pete ya zamani itupe, hata kama inaonekana nzima. Imekwisha kutanuka mara moja. Vika jino mpaka lifike mwisho. Sasa tia pini kutoka upande usio na pete, mwisho wenye mfuo ukitangulia, uigonge. Pini yako iliyo sahihi itabisha. Itakwenda kidogo kidogo, na mwisho utasikia sauti ya nyundo ikibadilika, na pini itakaa ndani, haikutokeza huku wala kule. Pete imeuma.

(Hapa mwalimu anagonga jino lililokaza, kisha anagonga jino lililolegea. Darasani, mwalimu anaweza kugonga jembe lililokaza na jembe linalocheza.)

Umesikia? La kwanza limelia mara moja, sauti kavu. La pili limelia mara mbili, kama meno ya mtu mwenye homa. Mashine ikiwa imezimwa na ndoo iko chini, kila asubuhi pita na nyundo ndogo ugonge meno yote, na uyahesabu kwa sauti. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Dakika mbili zinatosha. Jioni yahesabu tena. Likikosekana moja, sema papo hapo, hata kama wewe ndiwe uliyelitia, na mawe yaliyopakiwa yasitiwe katika mashine ya kusaga mpaka lipatikane.

Pana mambo mawili ambayo lazima niyaseme, kwa sababu nimeyaona kwa macho yangu hapa Unguja. La kwanza ni msumari au kipande cha nondo kinachotiwa badala ya pini, kikapindwa huku na huku. Hicho hufika jioni ikiwa una bahati. La pili ni kulichomelea jino kwenye ufizi ili "lisitoke kabisa". Ni kweli, halitatoka kwa urahisi. Lakini moto wa kuchomelea huharibu ugumu wa chuma kile, na jino hupasuka pale pale lilipochomwa. Na likiisha, utalitoa kwa kulikata kwa moto na kuukata ufizi pamoja nalo.

Jambo jingine ni mahali unapochimba. Mwanafunzi mmoja aliniuliza mwaka jana kwa nini meno huisha upesi katika shimo la mchanga kuliko katika shimo la mawe, na jiwe ni gumu kuliko mchanga. Alifikiri nitamcheka. Wataalamu wana kipimo cha ugumu kiitwacho Mohs, kinachoanza 1 na kuishia 10. Jiwe letu la matumbawe ni la asili ya chokaa, na madini ya chokaa yapo kwenye 3. Chembe za kwatsi, zilizomo katika mchanga mwingi wa kuchimbwa, zipo kwenye 7. Kwa hivyo chembe moja ya mchanga ule ni ngumu kuliko mwamba mzima wa uwanda. Mchanga husugua kama msasa, na jino huliwa polepole. Jiwe halisugui sana, bali hushika, hupinda na hutikisa, na hapo ndipo pini na pete hupata taabu. Katika mchanga angalia unene wa jino, katika mawe angalia pini. Na popote pale meno ya pembeni huisha kabla ya yale ya katikati. Kama ni ya namna moja, yabadilishane mahali kabla hayajaisha.

Usingoje jino litoboke. Likitoboka, ufizi uko nje, na sasa unachimba kwa ufizi.

Kazi ya nyumbani. Kwanza, nakili maneno ya kibao kwa herufi kubwa, yasomeke kutoka hatua kumi. Pili, hesabu: kijiko kina meno 5, na yote yamekwisha. Kila jino jipya linataka pini 1 na pete 1. Andika jumla ya vipande vya kununua. Tatu, tafuta kitu chochote nyumbani chenye namba iliyochorwa, taa, cherehani, baiskeli au mashine ya kukunia nazi, uinakili namba hiyo bila kukosea, kisha umpe mwenzako akusomee. Akisoma tofauti na ulivyoandika, tazameni tena pamoja.

Majibu mtayapata katika somo lijalo. Kwaherini.